Uliza Saa, Usiulize Siku: Nyama ya Ndama na Joto la Mombasa

Swali linaloulizwa zaidi mbele ya kulabu za nyama, kuanzia Marikiti hadi Kibokoni, Bondeni na Majengo, ni fupi: "Ni ya leo?" Muuza nyama hujibu kwamba ni ya leo, na mara nyingi husema kweli. Mnunuzi huinama kidogo anuse, hubonyeza kwa kidole, hutazama rangi, kisha huagiza akatiwe kilo moja ya steki au nusu kilo ya mifupa. Desturi hiyo ina hekima, na sikuja hapa kuidharau. Nilichokuja kukisema ni kwamba katika kisiwa chenye joto kama hiki, siku ni kipimo kipana mno. Nyama ya mnyama aliyechinjwa saa 10 alfajiri, ikiuzwa saa 12 jioni, ni ya leo bila uongo wowote, na papo hapo imeshakaa muda wa saa 14. Kitakachoamua kama itashibisha nyumba au italaza watoto kitandani ni muda huo pamoja na joto lililopita juu yake, na hilo pua haiwezi kulihesabu, wala jicho, wala kidole. Hoja yangu ni hiyo moja: dalili za kuharibika kwa nyama huchelewa, kwa hiyo anayetaka usalama ahesabu saa na joto tangu kuchinjwa, na dalili azifanye kinga ya mwisho.

Nimeichagua nyama ya ndama kuwa mfano kwa sababu ndiyo inayosifiwa zaidi kwa ulaini na ndiyo isiyosamehe kupuuzwa. Jina lenyewe hutumika kwa ukarimu sokoni. Kwa maana yake hasa, ndama ni mtoto wa ng'ombe anayenyonya bado au ndiyo kwanza ameachishwa, na nyama yake ina rangi ya waridi iliyofifia, kwa kuwa misuli yake haijajaa ile protini inayoshika oksijeni na kuipa nyama ya ng'ombe mkubwa wekundu wake. Ndama wa namna hiyo ni adimu Pwani, na sababu iko zizini. Ng'ombe wetu wa asili, mwenye nundu, huzuia maziwa asipomwona ndama wake, hivyo mfugaji wa Tana River au wa bara ya Kwale anayemtoa ndama huwa amejikatia na maziwa. Ndama anayefika bucha kwa kawaida ni dume la ng'ombe wa kisasa wa maziwa, ambaye mwenyewe hana kazi naye. Mara nyingi zaidi, kinachoitwa ndama ni ng'ombe mchanga tu. Lakini awe ndama kweli au mchanga, tabia za nyama zinakaribiana: ina maji mengi, nyuzi zake ni laini, na mafuta ya kuifunika ni machache. Mafuta ya nje ndiyo nguo ya mzoga. Huzuia ukavu na huchelewesha vijidudu kuifikia minofu. Ndama hana nguo hiyo. Ana faida moja, nayo ni kwamba mwili wake mdogo hupoa upesi ukipata baridi.

Na hapo ndipo Mombasa inapotudai hesabu ya peke yetu, kwa sababu hapa baridi haiji yenyewe. Kule Molo au Nyandarua, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, usiku wenyewe ni friji. Mzoga uliotundikwa jioni hukutwa asubuhi umeganda mafuta. Hapa kisiwani, Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi na usiku hauteremki sana chini ya 24. Hata Julai na Agosti, katikati ya kipupwe, alfajiri yetu huwa kwenye nyuzi 20 hivi, joto ambalo bakteria hulifurahia. Unyevu nao una lake. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu jasho linalotoka nje yake hukauka na kuondoka na joto; lakini hewa yetu imeshajaa maji, jasho hukauka kwa uvivu, na mtungi hushusha nyuzi chache tu. Nyama iliyotundikwa mlangoni ikipigwa na upepo wa bahari inafuata kanuni hiyo hiyo. Upepo unaompoza mtu kwenye baraza hauipozi nyama kiasi cha kuiokoa.

Tuanze basi pale saa inapoanzia, kwenye kisu. Mnyama anapokufa, sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake huvunjika na kuwa asidi, na katika muda wa siku moja uchachu wa nyama huongezeka, pH yake ikishuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Mlaji hausikii uchachu huo ulimini, lakini ndio ngome ya kwanza ya nyama, kwa maana bakteria wengi hawaupendi. Mnyama aliyesafirishwa kwa lori usiku kucha bila maji, aliyesukumwa, aliyeogopeshwa na kuona wenzake wakichinjwa, huwa ameshaichoma sukari ile kabla ya kisu kumfikia. Nyama yake hubaki nyeusinyeusi, kavu, yenye kunata mkononi, na huoza mapema hata ikitunzwa vizuri. Adabu za kuchinja tulizofundishwa, kwamba mnyama apumzishwe, anyweshwe maji, asionyeshwe kisu na kisu kinolewe, zina thamani yake ya dini na ya huruma. Zina pia thamani ya jikoni: ndama aliyepumzika hutoa nyama inayokaa. Muuza nyama anayejua mnyama wake alitoka wapi na alipumzika wapi ana habari ambayo mnunuzi anastahili kuisikia.

Sasa tuangalie adui mwenyewe. Ndani ya minofu ya mnyama mzima wa afya karibu hamna bakteria kabisa. Wao hutoka nje: kwenye ngozi, kwenye kinyesi, kwenye panga na gogo la kukatia, kwenye viganja, kwenye miguu ya nzi. Kwa hiyo wanaanzia juu ya nyama, na kila mkato huwapa uwanja mpya. Wako wa makundi mawili, na hoja yangu yote inasimama juu ya tofauti yao. Kundi la kwanza ni la waozeshaji. Hawa ndio wanaotoa harufu, ulenda na rangi mbaya, na wengi wao wanaweza kukua hata ndani ya friji. Wanachukiza sana, lakini si wao hasa wanaowaugulisha watu. Kundi la pili ni la waletao maradhi, wakiwemo Salmonella na baadhi ya aina za E. koli, ambao hawatoi harufu, hawabadilishi rangi, na kwa kiasi kidogo wanaweza kumwangusha mtoto. Hawa hupenda joto la Mombasa. Wakipata nafasi ya kujigawa kila nusu saa, bakteria 100 waliobaki kwenye kipande cha nyama saa 4 asubuhi watakuwa zaidi ya 400,000 ifikapo saa 10 jioni. Waozeshaji nao hawanusiki mpaka wafike karibu milioni 10 katika kila sentimita mraba, na ulenda hutokea wakikaribia milioni 100. Maana yake ni kwamba pua iko kimya katika muda wote ambao hatari inajengwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama huua watu 420,000 kila mwaka duniani, na kwamba Afrika, kwa kulinganisha na idadi ya watu wake, ndiyo inayobeba mzigo mzito kuliko mabara yote. 

Jicho nalo hudanganyika, na hudanganyika pande zote mbili. Nyama iliyokatwa sasa hivi huwa na rangi ya zambarau. Ikipata hewa kwa nusu saa huwa nyekundu au, kwa ndama, waridi. Ikikaa zaidi huwa ya hudhurungi kwa sababu protini ya rangi imebadilika. Hudhurungi hiyo si uozo. Kima inaweza kuwa nyekundu juu na ya kahawia katikati, kwa kuwa hewa haikufika ndani, na ikawa salama kabisa. Mng'aro wa rangi za upinde wa mvua juu ya kipande kilichokatwa kuvuka nyuzi ni mchezo wa nuru tu. Upande wa pili, wekundu wenyewe unaweza kununuliwa. Julai 2019 runinga ya NTV ilirusha uchunguzi kutoka Nairobi kuhusu nyama iliyotiwa kemikali ya sodiamu metabisalfaiti ili ionekane mbichi, na nchi nzima ikashtuka. Kemikali hiyo hurudisha wekundu, hupunguza harufu, na huharibu vitamini B1 iliyomo ndani ya nyama. Marekani hairuhusu itiwe kwenye nyama mbichi, na hizo ndizo sababu zake. Funzo lililochukuliwa na wengi lilikuwa ni kuogopa maduka makubwa. Mimi naona funzo lilikuwa zito zaidi: mnunuzi anayeongozwa na rangi amemfundisha muuzaji kuuza rangi.

Hata hivyo, dalili zina kazi yake, na mwenye kuzijua huokoka mara nyingi. Ndama mzuri ana minofu iliyokaza, yenye unyevu usionata, mafuta meupe, na harufu hafifu inayokaribia ya maziwa. Ukibonyeza, shimo la kidole hujaa tena; likibaki, shuku. Nyama inayoelekea kuharibika hunata kwanza, kabla ya kunuka: pitisha kidole kikavu juu yake, kisha kikutanishe na gumba, na ukiona uzi mwembamba kama wa bamia, iache. Tazama pembeni, penye mikunjo na karibu na mishipa, kwa maana huko ndiko kijani na kijivu huanzia. Harufu ya uchachu, ya yai bovu au ya utamu usio na sababu, ni hukumu isiyo na rufaa. Na kuna dalili moja iliyofichika, ambayo wachinjaji wazoefu huipima na wanunuzi wengi hawaijui. Paja nene lililochelewa kupoa linaweza kuoza kutoka ndani, kando ya mfupa, huku nje likiwa zuri la kupendeza. Kipimo chake ni kisu chembamba, kisafi: kichomwe mpaka kiguse mfupa, kiachwe kidogo, kichomolewe taratibu, kinuswe ncha. Anayenunua paja zima kwa ajili ya arusi au hitima ana haki ya kuomba kisu hicho kichomwe mbele yake. Harufu inayotoka kwenye ncha haiwezi kuondolewa kwa viungo vyote vya Marikiti.

Wazee wa mji huu walilijua jambo hili bila vipimajoto, na walilijibu kwa njia mbili tu. Ya kwanza ilikuwa kununua kidogo na kupika papo hapo. Ya pili ilikuwa kukausha hasa, bila nusu nusu. Ng'onda na papa wa kukausha wanaouzwa hadi leo ni samaki walionyang'anywa maji kwa chumvi na jua. Nyirinyiri iliyoletwa na ndugu zetu Wasomali ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa mpaka maji yaishe, kisha ikazamishwa ndani ya samli isiguswe na hewa, na hukaa miezi. Bila maji, bakteria hawazai. Njia hizo mbili ziko mbalimbali lakini zina mantiki moja: ama nyama isipewe muda, ama isipewe maji. Friji ilipoingia majumbani ikaleta njia ya tatu, ambayo si ya kula leo wala ya kukausha, na tukaipokea bila kubadilisha desturi zetu. Tuliidhani ni sanduku la kusimamisha saa, na hilo haliwezi. Baridi ya nyuzi 4 huwazuia wengi wa waletao maradhi wasikue na huwachelewesha waozeshaji, lakini haiui wala wao wala hao. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri huwalaza wote, na wanaamka nyama ikiyeyuka. Nyama iliyoingia na saa 12 za joto hutoka na saa zile zile 12 mgongoni.

Kwa hiyo matunzo huanza kabla ya friji. Nyama ifike nyumbani moja kwa moja, isizungushwe mjini kwenye mfuko mweusi wakati mwenyewe anamaliza shughuli. Kanuni inayokubalika kimataifa ni kwamba chakula kinachoharibika kisikae zaidi ya saa 2 kati ya nyuzi 5 na 60. Wizara ya Kilimo ya Marekani hupunguza muda huo uwe saa 1 joto likizidi nyuzi 32, na hilo kwetu ni mchana wa kawaida wa kaskazi. Nyama ya kuwekwa isioshwe kwanza, kwa sababu maji ya juu yake ndiyo shamba la ulenda. Ifutwe, ikaushwe, igawanywe mafungu ya pishi moja moja, kila fungu litandazwe bapa kwenye mfuko wake. Fungu bapa hupoa upesi hadi ndani. Bonge la kilo 5 hugeuka jiwe nje huku kiini chake kikibaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Iwekwe rafu ya chini kabisa, juu ya sinia, ili damu isidondokee matunda na bariyo. Vipande vizima vya ndama hukaa siku 3 hadi 5 kwenye nyuzi 4. Kima, vipande vya mchuzi, maini na figo ni siku 1 au 2 tu; katika kima, kusaga kumechukua uchafu wa nje na kuusambaza kila mahali. Wanaoandaa sambusa za Ramadhani mapema, mwezi wa Shaabani, wakiikaanga kima kwanza ndipo wakazifunga na kuzigandisha, wanafanya jambo sahihi kabisa. Kuyeyusha kufanyike ndani ya friji tangu usiku wa kuamkia, si ndani ya karai juu ya sinki tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Stima ikipotea, saa huanza tena kutembea. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, na sehemu nyingi hazikurudishiwa umeme mpaka siku ya pili. Friji isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa hushika hadi saa 48, iliyo nusu hadi 24, mradi mlango usifunguliwe. Lakini mtu aliyelala Likoni au aliyesafiri Nairobi atajuaje stima ilipotea kwa muda gani? Kuna kipimo rahisi kisichotaka fundi. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 10 juu ya barafu, kiache kikombe ndani ya friza. Ukirudi na ukaikuta sarafu juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imezama katikati au chini kabisa, basi nyama iliyeyuka ikaganda tena wewe hupo, na hakuna rangi wala harufu itakayokuambia hivyo kwa uhakika kama sarafu ile.

Najua pingamizi, na baadhi yake zina nguvu. Ya kwanza husema: wazee wetu hawakuwa na friji na waliishi. Waliishi kwa kufuata sheria kali kuliko yetu. Hawakuweka nyama mbichi ilale. Mkono ulionunua asubuhi ulikuwa jikoni kabla ya adhuhuri. Anayewataja kuwa ushahidi awafuate na katika hilo. Zaidi ya hayo, tumbo la kuendesha liliua watoto wengi katika mji huu bila mtu kujua lilitoka chungu gani, na kutojua sababu hakuwi dalili kwamba sababu haikuwepo.

Pingamizi ya pili ni ya moto: nyama ikichemka, kila kitu kinakufa. Bakteria wengi hufa kweli, na kupika mpaka katikati ya kipande ifike nyuzi 70 ni kinga kubwa. Lakini sumu si bakteria. Stafilokoki wanaotoka kwenye pua na vidonda vya mikononi, wakikaa katika joto, huacha sumu isiyovunjwa na mchemko, na nyama iliyoharibika ikipikwa huwa nyama iliyoharibika yenye moto. Kuna pia wale wanaojifunga katika mbegu ngumu zinazovumilia kuchemshwa, kisha huamka sufuria linapopoa polepole na kujigawa kwa kasi ya kutisha likiwa kwenye nyuzi 43 hadi 45. Ndiyo maana sufuria kubwa la mchuzi wa arusi lililoachwa jikoni usiku ni hatari kuliko kipande kidogo cha mishkaki. Linganisheni na shuwa ya Waomani, nyama inayozikwa shimoni juu ya makaa kwa siku moja au mbili: huko haiozi kwa sababu joto halijashuka likapita katika nyuzi za hatari. Kinachohukumu tena ni joto na saa.

Wengine hutegemea ndimu na siki. Asidi hupunguza idadi ya walio juu, na ladha yake nzuri siibishi. Haiwafikii walio ndani ya kima, haiondoi sumu, na hufunika harufu ambayo ingetuonya. Kuosha kwa maji ya bomba hurusha matone kwenye sinki, visu na kachumbari. Anayeona nyama haiwezi kuingia sufuriani bila kuoshwa, na katika mji huu ni wengi, aioshe ndani ya beseni bila kurusha maji, dakika ile ile ya kuipika. Na yuko anayesema: ni halali, inatosha. Uhalali ni sharti la kwanza na halina badala. Lakini mafundisho yenyewe huambatanisha halali na kilicho kizuri, na muhuri wa mkaguzi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, unathibitisha kwamba mnyama alikaguliwa. Hakuna kati ya viwili hivyo kinachotaja saa.

Pingamizi iliyo ngumu kuliko zote ni hii: tukihesabu saa kwa ukali huo, nyama yote inayotundikwa Mombasa si itakuwa haifai? La, na jibu linatoka kwenye mzoga wenyewe. Robo nzima ya mnyama iliyotundikwa, ngozi ya juu imekauka, ndani hapajaguswa na kisu, huvumilia muda ambao rundo la vipande vilivyokwisha katwa haliwezi kuuvumilia. Kwa hiyo mnunuzi aombe akatiwe kutoka kwenye robo, asichukue kilichorundikwa tangu asubuhi, na kima isagwe mbele ya macho yake. Muuza nyama naye anaweza kufanya jambo lisilogharimu chochote: kibao na chaki, chenye saa ya kuchinjwa. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti machinjio ya kaunti pamoja na huduma za mifugo; anayepiga muhuri anaweza kuandika na saa. Friji zenye kioo ni ghali, stima ni ghali, na simlaumu mwenye bucha ndogo ya Kuze kwa kukosa chumba cha baridi. Chaki si ghali.

Na asiye na friji nyumbani? Kwa hesabu hii yeye si wa kuhurumiwa kuliko wote. Mama anayenunua robo kilo saa 3 asubuhi na kuiteleka jikoni saa 5 anaishi ndani ya kanuni bora kabisa. Aliye hatarini ni mwenye friji moja ya kawaida siku ya Idi ya Mfungo Tatu, aliyechinja mbuzi wawili na ndama kwa shirika na nduguze, akaletewa kilo 20 za nyama ya moto saa 5 asubuhi. Akizisukuma zote ndani na kufunga mlango kwa goti, friji itapambana na joto hilo mpaka usiku, na maziwa, bariyo na nyama vyote vitavuka jioni vikiwa na uvuguvugu. Wanaosoma habari za Madina wanajua kwamba mwaka mmoja Mtume (s.a.w.) aliwazuia watu wasiweke nyama ya kuchinja zaidi ya siku 3, kwa ajili ya mafukara waliokuwa wamefika mjini, na baadaye akawaruhusu kula, kuweka akiba na kutoa. Sababu ilikuwa fukara, haikuwa vijidudu, na sitaibadilisha. Ila nahesabu tu: kilo 20, zikitolewa thuluthi mbili kwa jirani na maskini kabla ya adhuhuri, hubakiza chini ya kilo 7. Kilo 3 zinaingia sufuriani mchana huo huo. Zilizobaki zinagawanywa mifuko saba bapa ya nusu kilo hivi, zinapangwa kwa nafasi ndani ya friza ndogo ya friji ile ile, na kufikia magharibi zimeanza kuganda.